Siku Mbaya ya Gethin

Eirwen alipomaliza kuisafisha nyumba, alianza kuichafua tena.

Alitoa vikombe viwili kabatini, akavitia mabaki ya chai na kuviacha mezani. Koti la mwanawe alilitungua msumarini akalitupa kwenye ngazi. Gazeti akalitandaza sakafuni. Kisha akasimama katikati ya sebule, mkono mmoja umeshika nyonga iliyokuwa ikimuuma, akaitazama kazi yake kama anayetazama nyumba ya mtu mwingine. Maisha yake yote pale bondeni Cwm Bedw hakuwahi kumpokea mgeni ndani ya uchafu. Mama yake mzazi, siku ya kukata roho, aliuliza kwanza kama kizingiti cha mbele kimesuguliwa.

Lakini Menna alikuwa amemwonya. Menna alikaa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la chipsi, mwanamke wa sauti kubwa na mikono ya kufanya kazi.

"We Eirwen, usijitie ustaarabu mbele ya watu wa halmashauri," alisema. "Wakikuta nyumba inang'aa watasema huyu hana shida. Wewe simulia siku yake mbaya kuliko zote. Siku moja tu, ile mbaya, halafu uiseme kana kwamba ndiyo kila siku. Sote tunafanya hivyo."

"Huo si uongo, Menna?"

"Uongo gani? Kwani siku hiyo haikuwepo?"

Ilikuwepo. Na ni kweli kwamba wote walifanya hivyo. Tangu mgodi wa makaa ulipofungwa, watu wa bonde lile walijifunza kwamba msaada haupatikani mpaka uvue msiba wako nguo mbele ya mtu mwenye kalamu. Mwenye mgongo aliusimulia mgongo, mwenye kifua alikikohoa. Ukisema unaweza, wanakata. Ukisema huwezi, wanafikiria.

Eirwen alitaka kitu kimoja tu. Hospitali ilikuwa imemwita hatimaye abadilishwe nyonga, baada ya foleni ndefu iliyomzeesha, na akiikataa nafasi ile angerudi mkiani. Angelazwa, kisha angekaa wiki kadhaa mahali pa kufundishwa kutembea upya. Je, Gethin angelala wapi? Gethin alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja, lakini akili yake ilizaliwa na mwendo wake wa polepole, na tangu azaliwe hajalala usiku hata mmoja katika nyumba asiyokuwamo mama yake. Eirwen aliomba mhudumu wa kuja kulala naye pale pale nyumbani. Alichokiogopa ni Bryn Hafod, makao ya matunzo kule pwani. Kaka yake Menna alipelekwa Bryn Hafod kwa majuma mawili, wakati mama yao akiugua. Mpaka leo yuko huko, na Menna akienda kumwona, kaka humwita yeye Menna kwa jina la mhudumu.

*

Afisa wa ustawi wa jamii aliitwa Rhian. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na soksi yake moja ilikuwa na tundu.

"Dole gumba linachungulia," Gethin akasema.

"Limechoka kukaa gizani," Rhian akajibu, na wote wawili wakacheka. Eirwen hakucheka. Watu wa halmashauri waliotangulia hawakuwa na soksi zenye matundu, na alijua namna ya kuwachukulia.

Rhian aliketi, akaviona vikombe, hakuvisema. Akamgeukia Gethin. "Niambie, Gethin, wewe unapenda kufanya nini?"

"Njiwa."

"Njiwa gani?"

Gethin alivuta pumzi ya kuanza, maana maneno yake hayakuja mbio, lakini mama yake alikuwa amekwisha kufika mbele yake.

"Si wake hao. Ni wa Mzee Idwal, nyumba ya mwisho huko juu. Njiwa wa mashindano. Mzee wa watu anamvumilia tu, anamwacha ashinde pale asubuhi ili na mimi nipumue."

Rhian aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalibaki kwa Gethin. "Na kitu gani kingine unachokiweza vizuri?"

Kumbe ndio mtego wenyewe, Eirwen akawaza. Pale kanisani, wakati wa chai, walikuwa wameambiana kwamba siku hizi halmashauri imebadili maswali. Haiulizi tena una upungufu gani, inauliza una uwezo gani, una kipaji gani, nani anakufahamu mtaani. Unajisifu, wanatabasamu, wanarudi ofisini wanakata. Basi Eirwen akaishika siku mbaya kwa mikono miwili.

"Hawezi kitu," alisema. "Moto haujui. Aliweka birika la umeme juu ya jiko la gesi, nyumba nusura iteketee. Ukimwacha jikoni utarudi ukute majivu. Barabara haijui. Hawezi kuachiwa kitu chenye uhai. Na usiku…" Akasita. Akamwona Menna akilini, akiitikia kwa kichwa. "Usiku hujikojolea."

Rhian aliandika.

"Mara moja," Gethin akasema. Alikuwa ameketi pale pale, kwenye kiti cha marehemu baba yake, mikono katikati ya magoti. "Mara moja tu, Mama. Baba alikuwa amekufa."

Rhian aliweka kalamu chini. Kisha akasema, bila ukali, "Bi Eirwen, kwa haya uliyonieleza siwezi kuleta mtu mmoja alale hapa. Mtu wa namna hii anataka wahudumu wawili, usiku na mchana. Hiyo ni Bryn Hafod, na nafasi ipo."

"Mimi sikuomba Bryn Hafod."

"Najua."

"Niliomba mtu wa kuja hapa."

"Najua, ndiyo maana nakuuliza tena. Niambie kitu anachokiweza. Hata kidogo."

Eirwen alivitazama vikombe vyake viwili vichafu. Njia ya kurudi ilikuwapo, fupi kabisa, lakini ilipita mahali pa kusema mimi ni mwongo, tena mbele ya mgeni, tena mbele ya mwanawe.

"Hakuna," akasema.

Rhian alivaa viatu vyake mlangoni. "Nitarudi Alhamisi kumaliza shauri hili," alisema. "Hebu fikirini. Wote wawili."

*

Kesho yake asubuhi Gethin hakulichukua koti lake. Alikunywa chai, akarudi kwenye kiti cha baba yake akaketi.

"Njiwa je?" Eirwen akamwuliza.

"Hawezi kuachiwa kitu chenye uhai," Gethin akajibu.

Aliyasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya mama yake, kama anayesoma fungu kanisani. Eirwen aligeukia sinki akafungua bomba, akaosha sahani iliyokwisha kuoshwa.

Siku ile yote Gethin hakugusa kitu. Alipotaka maji aliomba. Alipotaka kuvuka kwenda kwa Menna kununua chipsi, alisimama kwenye kizingiti akangoja ashikwe mkono, mtu aliyeivuka barabara ile maelfu ya mara. Na usiku Eirwen alimsikia akiamka, tena na tena, kwenda msalani. Alikuwa akijilinda.

Siku ya pili Menna aliingia na aproni yake, mikono ikinuka mafuta. "Gethin anaumwa? Njiwa hawajaruka tangu juzi. Bonde zima linauliza."

"Bonde zima lina kazi gani nasi?" Eirwen akasema. Lakini alichukua bakora yake. Alifikiri, ni adabu nikamwombe radhi yule mzee. Amemvumilia mwanangu muda wote huu, na sasa tumemkatizia bila hata neno.

Njia ya kwa Idwal ilikuwa ya kupanda, na nyonga ilimwambia hivyo kila hatua. Nyumba zile zilishikana bega kwa bega mpaka juu, na nyuma ya ile ya mwisho bustani ilipanda zaidi, kwa ngazi za mawe, hadi kwenye banda la njiwa lililopakwa rangi nyeupe na kijani. Alimkuta Idwal amekaa chini kabisa kwenye zile ngazi. Mtungi wake wa hewa ya kupumulia ulikuwa ubavuni, kopo la punje magotini, na uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Alifanya kazi mgodini tangu ujana, na mgodi ulimlipa vumbi kifuani.

"Mwanao yuko wapi?" akauliza. Hakumsalimu.

"Nimekuja kwa hilo hilo, Idwal. Nimekuja kukushukuru na kukutaka radhi. Najua umemvumilia sana…"

"Nimemvumilia nani?"

"Gethin."

Idwal alimtazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkalia mpaka Eirwen akamshika bega.

"Eirwen," alisema alipopata pumzi, "mimi sijalifikia banda lile tangu baridi ya mwaka juzi. Sikiliza. Tangu mwaka juzi! Nakaa hapa chini, yeye yuko juu. Anawapa punje, anabadilisha maji, anakwangua kinyesi, anamjua kila mmoja kwa jina. Nusu ya majina hayo ameyatoa yeye. Kuna mmoja anaitwa Soseji."

"Lakini kombe la chama cha njiwa, mwaka jana…"

"Kombe la nani? Walinipigia makofi nikasimama kifua mbele kama jogoo. Yeye alikuwa nyuma anakula keki."

"Mbona hukusema?"

Mzee alilipapasa lile kopo. "Ningemwambia nani? Binti yangu Carys akisikia baba hawezi kupanda ngazi za bustani yake, kesho yuko hapa na gari. Atanipeleka kwake mjini, chumba ghorofani, nikae dirishani nihesabu mabasi. Basi nikanyamaza. Nikakuacha ufikiri ni mimi ninayekusaidia. Na wewe kila Jumamosi unaniletea vikeki vya zabibu vya asante, na mimi navila! Navila, Eirwen, na aibu yangu."

Eirwen alijishusha polepole akaketi kwenye jiwe kando yake, mguu mbaya ameunyoosha. Huko juu njiwa walikuwa wakinguruma kwa njaa.

"Tazama hali hii," Idwal alisema. "Watu wazima wawili, na hakuna hata mmoja wa kuwapa ndege maji."

Basi Eirwen akamweleza yote. Vikombe, birika, siku mbaya, Bryn Hafod. Idwal alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza hakumlaumu. Alisema tu, "Na alikuwapo? Aliyasikia?"

"Aliyasikia."

"Loo, dada," mzee akasema. "Loo."

*

Aliporudi nyumbani Gethin alikuwa kwenye kiti kile kile. Eirwen hakukaa. Alijua akikaa atatafuta maneno ya kuzunguka.

"Gethin, juzi nilisema uongo juu yako."

"Ulimwambia yule mama."

"Ndiyo, nilimwambia yeye."

"Mwambie yeye, basi," Gethin akasema. "Mimi ninajua."

Akaendelea kuketi, akimtazama, mpaka Eirwen akasema, "Nitamwambia, Mungu ni shahidi wangu." Hapo akainuka, akachukua koti, akatoka. Eirwen alisimama dirishani. Alimwona akifika ukingo wa barabara, akitazama kulia, akitazama kushoto, akitazama kulia tena, kama alivyofundishwa na baba yake. Na akakumbuka kwamba alikuwa amemwona akifanya hivyo kila siku ya Mungu, kutoka dirisha lile lile, na moyo wake ukimwambia kila siku kwamba leo ndiyo leo, leo atagongwa.

Jumapili iliyotangulia kanisani walikuwa wamesomewa habari za mjane mwenye deni, yule aliyemlilia nabii, naye nabii akamwuliza ana nini nyumbani mwake. Eirwen aliijua habari ile tangu utotoni, na siku zote alimhurumia mjane kwa umaskini wake. Usiku ule akiwa kwenye sala aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: kwamba yule mama alianza kwa kujibu sina kitu, na chupa ya mafuta, ile iliyokuja kulipa deni lote, ilikuwapo muda wote kabatini.

*

Alhamisi nyumba iling'aa. Kizingiti kilikuwa kimesuguliwa mpaka kimekuwa cheupe, na mezani palikuwa na vikeki vya zabibu vyenye moto. Rhian alipoketi tu, Eirwen alianza, maana alijua akingoja chai atapoa yeye.

"Nilikudanganya. Ile ilikuwa siku moja. Birika ni siku moja. Na lile jambo la usiku ni usiku wa maziko ya mume wangu, hata mimi mwenyewe sikuwa na akili zangu. Anavuka barabara. Anapika yai. Na njiwa wa Idwal ni yeye anayewatunza, peke yake, na sikuwa nikijua."

Gethin aliitikia kwa kichwa, kila jambo kwa zamu yake, kama hakimu.

Rhian hakuonyesha kushangaa. Alizungusha kikombe chake. "Asante, Bi Eirwen. Sasa na mimi nikuambie kweli, maana sitaki kesho useme sikukuambia. Mimi nikiandika anaweza, yuko mtu mwingine ofisini atasoma. Ile posho yake ya ulemavu wanaweza kuipunguza. Siwezi kukuahidi hawataipunguza."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Posho ile ndiyo iliyolipia gesi wakati wa baridi. Eirwen aliijua pauni baada ya pauni. Menna hakukosea, watu wa kanisani hawakukosea; mtego ulikuwapo kweli, ila Rhian, aliyeushika, alikuwa ameonyesha mahali ulipotegwa. Eirwen alimtazama mwanawe. Gethin naye alikuwa akimtazama, anangoja.

"Andika," Eirwen akasema.

"Na usiku je? Nani atakuwa naye?"

Katika maisha yake Eirwen hakuwahi kuazima kikombe cha sukari asikirudishe kimejaa zaidi. Watu walimwuguza mumewe kwa kuleta supu, naye aliwarudishia bakuli zikiwa na vikeki ndani, kila moja, ili asidaiwe fadhila. Alikuwa na majirani wa kuwapa. Wa kuwaomba hakuwa nao.

"Labda wewe uwaulize majirani," alisema. "Wewe una cheo."

"Mimi nikiwauliza watakubali kwa aibu, na siku ya tatu watachoka. Tena sitafuti watu wako, Bi Eirwen. Nauliza watu wake ni nani."

Gethin alisimama, akachukua koti lake.

"Unakwenda wapi?" Eirwen akamaka. "Gethin! Mvua inanyesha, na magari…"

"Huwa anavuka?" Rhian akauliza.

"Kila siku."

"Basi."

Eirwen akarudi kitini. Hakuna aliyegusa vikeki. Walikaa wakisikiliza mvua hadi mlango ulipofunguliwa, na ndani akaingia Gethin akiwa amemshika mkono Idwal, mtungi wa hewa ameuning'iniza begani kama mkoba wa shule, na nyuma yao Menna na aproni yake.

"Tumesimama kila geti," Menna akasema. "Mzee huyu ana kiburi kuliko pumzi."

Idwal alikalishwa. Alisubiri kifua chake kitulie, kisha akamwelekea Rhian. "Nasikia unatafuta mtu wa kumtunza Gethin."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi siwezi kumtunza mtu. Natafuta wa kunitunza mimi." Aliyasema haya akitazama zulia. "Ngazi zimenishinda. Ndoo imenishinda. Kijana huyu akiondoka, nauza njiwa wiki hiyo hiyo, na mimi mwenyewe nafuata nyuma. Basi alale kwangu. Chumba kipo. Yeye apande, mimi nipike."

"Na kifua kikikubana usiku?"

"Mwulize yeye."

Rhian akamgeukia Gethin. Akamngoja. Na Eirwen, ambaye jibu lilikuwa tayari limemfika kwenye meno, aliuma mdomo wa chini akangoja naye.

"Namkalisha," Gethin akasema. "Simlazi. Nafungua kile cha kijani, cha hewa. Namwambia polepole, polepole. Halafu nampigia Anti Menna. Wale wa ambulensi wanasema haraka, siwaelewi. Anti Menna anapiga kelele lakini namwelewa."

"Alinipigia mara mbili baridi iliyopita," Menna akasema. "Mara ya kwanza nilidhani anachezea simu, nikaja na mwiko nimgombeze. Nikamkuta mzee hana rangi."

Eirwen aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Na hamkuniambia?"

"Ungemkataza asiende," Menna akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa kuwa lilikuwa la kweli lilichoma. Eirwen akatafuta pa kulirudisha. "Na wewe, Menna, ulijua yote haya, halafu ndiye uliyenifundisha kusema siku mbaya!"

"Kuwaambia halmashauri, Eirwen! Sikukwambia umsikilizishe na Gethin mwenyewe."

Idwal alikohoa, au alicheka. Rhian alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha akasema, "Mzee Idwal, itabidi niandike na habari za kifua chako. Sitaificha. Binti yako anaweza kupata habari."

Mkono wa mzee ulikaza kwenye goti. Gethin aliuona, akauwekea wake juu.

"Andika," Idwal akasema. "Lakini usiandike nusu. Andika na kwamba nina mtu."

"Na chakula cha jioni juu yangu," Menna akasema. "Ila si chipsi kila siku, msije mkafa nikalaumiwa."

Eirwen alisimama kwa shida ili amimine chai mpya. Alitaka kusema kwamba atawalipa, atawapikia, atawafulia mapazia, wamwambie tu ni kiasi gani. Alikifungua kinywa.

"Asanteni," akasema, na kwa mara ya kwanza katika umri wake akaliacha neno hilo liende peke yake.

*

Mkubwa wake Rhian alikubali, kwa majaribio, na Rhian mwenyewe apite mara kwa mara. Usiku wa kwanza wa kujaribu Eirwen hakulala, Gethin alilala. Carys alikuja kutoka mjini akiwa amenuna, akapandishwa juu ya bustani akaonyeshwa banda, akaondoka ameshika mayai mawili ya njiwa asijue ayafanyeje. Na posho ikapunguzwa, kama ilivyoogopwa. Haikufutwa, ilipunguzwa. Eirwen aliisoma barua mara moja, akamwambia Menna.

"Nilikwambia," Menna akasema.

"Uliniambia."

"Sasa baridi utafanyaje?"

"Sijui, Menna. Tutakaa wengi chumba kimoja," Eirwen akasema.

Hospitali ile ilikuwa ikipasua hata Jumamosi ili ipunguze foleni, na siku aliyopewa Eirwen iliangukia siku ya mashindano, njiwa wanapoachiliwa mbali warudi bandani kwa kupimwa saa. Alikuwa ameyatayarisha maneno ya kumuaga mwanawe, akayafanyia na sala. Lakini Gethin aliingia kidogo tu asubuhi ile, viatu vina matope, akambusu shavuni. "Wanakuja, Mama," akasema. "Anko Idwal ana saa, mimi nina kopo." Akaondoka. Maneno yote yalibaki kinywani mwa Eirwen, na machozi aliyokuwa ameyatarajia, ya mwanawe, hayakuonekana popote. Akayalia mwenyewe kidogo, kisha akajifuta, akachukua begi.

Dereva alikuwa mtu wa kujitolea kutoka bonde la jirani, mstaafu mcheshi mwenye kofia. Barabara ya kutokea ilipitia juu, kando ya bustani ya Idwal.

"Simama hapa kidogo," Eirwen akasema, akashusha kioo.

Chini ya ngazi za mawe Idwal alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, saa mkononi. Juu, mlangoni pa banda, Gethin amesimama wima, uso ameuelekeza mbinguni, kopo la punje amelikumbatia. Alikuwa akiutazama mstari wa mlima. Hakuwa na haraka, kwa kuwa haraka hakuwahi kuwa nayo, na kwa mara ya kwanza Eirwen aliona kwamba kazi ile ilitaka mtu wa namna hiyo hasa.

Kisha njiwa watatu wakatokea juu ya mlima. Wakazunguka mara moja, chini zaidi. Gethin akaanza kulitikisa kopo, taratibu, na mluzi mwembamba ukashuka mpaka garini.

"Ndiye mwanao yule?" dereva akauliza. "Ngoja nipige honi, akupungie mkono."

Eirwen alimkamata kifundo cha mkono. "Usipige! Wakishtuka hawatui."

Yule bwana alimtazama, akazima na injini kabisa. Njiwa wa kwanza alitua juu ya paa, akasita, akazungusha shingo kulitazama gari. Gethin hakugeuka kuona anachokitazama. Aliendelea na mluzi wake, mpaka ndege akashuka, akainamisha kichwa, akaingia mlangoni.

"Sasa twende," Eirwen alinong'ona, akakipandisha kioo polepole, kisije kikatoa sauti.